Mwongozo kamili: Kumfundisha mtu mzima kutumia intaneti kwa mara ya kwanza hadi ajitegemee

Wengi wanaojitolea kumfundisha mzazi, jirani au mwenzao wa kazi kutumia intaneti hurudi na lalamiko moja: "Nilimwelekeza vizuri, akaitikia kila nilichosema, na wiki iliyofuata akaniita tena kwa jambo lile lile." Wanahitimisha kuwa mwanafunzi ni mzito wa kuelewa. Kwa uzoefu wangu, ukichunguza utakuta simu ilikuwa mkononi mwa mwalimu muda wote wa somo. Mwalimu ndiye aliyegusa kioo, mwanafunzi akawa mtazamaji, na hakuna anayeweza kukumbuka kwa vidole kitu ambacho vidole vyake havikuwahi kukifanya.

Shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ITU, lilikadiria kuwa mwaka 2024 watu wapatao bilioni 2.6 duniani walikuwa hawatumii intaneti. Walio wengi kati yao wanaishi mahali ambapo mawimbi ya intaneti ya simu yanafika. Wanachokosa mara nyingi ni kifaa kinachofaa, uwezo wa kulipia bando, na mtu wa kuwafundisha bila kuwanyang'anya simu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo wa kufundisha, na unadhani kwamba unafundisha mtu mmoja au wachache kwa simu janja.

## Mahitaji

Yakusanye haya yote kabla ya kipindi cha kwanza. Kinachokosekana siku ya somo huishia kufidiwa kwa simu yako, na hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika.

- Simu ya mwanafunzi mwenyewe. Atakachojifunza kwenye simu yako hakitafanana na atakachokikuta kwenye yake. Kama bado hajanunua, mshauri atafute yenye 4G, RAM (kumbukumbu ambayo simu hutumia inapofanya kazi) isiyopungua GB 4 na hifadhi isiyopungua GB 64. Chini ya hapo simu hukwama mara kwa mara, na mgeni hudhani ni yeye aliyekosea. Simu ya 3G pekee iepukwe hata ikitolewa bure, kwa kuwa nchi nyingi zimezima au zinaendelea kuzima mitambo ya 3G.
- Laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Akaunti nyingi hurejeshwa kwa namba ya simu. Namba ikiwa ya mtoto wake au ya mwajiri wake, akaunti nayo iko mikononi mwa huyo mwingine.
- Kadi iliyokuja na laini, yenye namba ya PUK. PIN ya laini ikikosewa mara tatu, laini hujifunga na kudai PUK. PUK nayo ikikosewa mara kumi, laini hufa moja kwa moja.
- Daftari na kalamu, vya mwanafunzi na si vyako.
- Kitambaa safi chenye unyevu kidogo. Matumizi yake utayaona katika hatua ya nne.
- Simu ya pili, yaani yako, kwa ajili ya kumpigia na kumtumia ujumbe wa mazoezi tu.
- Muda. Vipindi vya dakika 40, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki tano au sita. Semina ya siku nzima huwafurahisha waandaaji, lakini mwanafunzi huondoka na kichwa kilichojaa na vidole visivyojua chochote.

## Hatua ya 1: Tafuta kazi moja anayoihitaji

Muulize anataka intaneti imfanyie nini. Jibu la kwanza huwa pana: "Nataka kujua mtandao," au "Nisiachwe nyuma." Hilo halifundishiki. Endelea kuuliza mpaka upate jambo lenye kitenzi na mtu au kitu maalumu: kuonana uso kwa uso na binti aliye mbali, kusoma matokeo ya mtihani ya mjukuu, kutuma picha ya mzigo kwa mteja.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba kazi yenye maana kwake itarudiwa hata usipokuwepo, na marudio hayo ndiyo mafunzo yenyewe. Jihadhari usimchagulie. Wakufunzi wengi huanza na barua pepe kwa sababu ndiyo waliyoanza nayo wao, kisha wanashangaa kwa nini mtu asiye na wa kumwandikia hairudii.

Hatua hii imekamilika pale ukurasa wa kwanza wa daftari unapokuwa na sentensi moja, kwa maneno na mwandiko wake, inayosema anataka kufanya nini.

## Hatua ya 2: Hakikisha muunganisho unafaa anakoishi

Kagua mtandao pale anapoishi. Mawimbi ya mahali mnapokutania hayakuambii lolote kuhusu chumba anacholala. Nenda na simu yenye laini ya mtandao anaoutumia, fungua ukurasa wowote usioufungua siku za karibuni, kisha urudie mlangoni na uani. Tofauti ya hatua chache huweza kuwa kubwa kuliko unavyodhani. Kama kuna Wi-Fi, kumbuka kwamba mawimbi ya GHz 2.4 hufika mbali na kupenya kuta vizuri kuliko ya GHz 5, ambayo nayo yana kasi zaidi karibu na ruta.

Siku moja kabla ya somo, sasisha simu na programu zake kwenye Wi-Fi, halafu weka mipangilio ya kusasisha iwe kwa Wi-Fi peke yake. Washa pia kiokoa data, na uzuie video kujicheza zenyewe. Nimewahi kuendesha darasa la watu kumi kwa kuwagawia intaneti ya simu yangu (hotspot) bila kufanya hivyo. Simu zote kumi zikaanza kujisasisha kwa pamoja, bando likaisha kabla sijamaliza kusalimia, na kipindi kizima kikawa cha kuombana radhi.

Mweleze gharama kwa mizani anayoweza kuishika. Ujumbe wa maandishi hutumia KB chache tu, ilhali video ya ubora wa kawaida huweza kutumia takriban MB 700 kwa saa, na ya ubora wa juu ikafika GB 3. Mwenye bando la GB 1 anayejua hivyo hataogopa kuandika ujumbe, na atafikiri mara mbili kabla ya kuanza kutazama video. Mwonyeshe pia ukurasa wa matumizi ya data ndani ya mipangilio, kwa sababu hofu ya kuliwa bando bila kujua huwafanya wengi wazime data mchana kutwa kisha walalamike kwamba hawapati ujumbe.

Mahali pasipofika mawimbi kabisa bado pana la kufanya. Programu ya Kiwix huhifadhi Wikipedia ndani ya simu au kompyuta, ikiwemo ya Kiswahili, ikasomwa bila intaneti. Kolibri nayo huwezesha kompyuta moja kugawa masomo kwa vifaa vilivyo karibu nayo. Hazimuunganishi mtu na binti yake, ila humpa mazoezi ya kutafuta, kufungua na kusoma, ambayo yatamfaa siku mtandao utakapofika.

## Hatua ya 3: Irekebishe simu imfae mtumiaji

Ingia kwenye mipangilio mkiwa pamoja, yeye akishika simu, na mfanye mambo yafuatayo.

Kuzeni maandishi mpaka ayasome bila kusogeza simu. Wekeni lugha anayoisoma vizuri zaidi. Usidhani ni ile unayoisoma wewe. Ondoeni kwenye ukurasa wa mwanzo kila alama isiyohitajika, zibaki nne au tano. Programu hazifutiki kwa kufanya hivyo, ni alama zake tu zinazoondoka mbele ya macho. Ongezeni muda wa skrini kujizima uwe dakika mbili au zaidi, kwani sekunde 30 huisha wakati bado anatafuta miwani.

Kama haoni vizuri au hasomi, usikate tamaa mapema. Android ina kisomaji cha skrini kiitwacho TalkBack, na iPhone ina VoiceOver. Angalizo ni kwamba vyote viwili hubadilisha namna ya kugusa kioo: mguso mmoja husoma kilichopo, na miguso miwili ya haraka ndiyo hufungua. Jifunze mwenyewe kwanza kwa siku kadhaa, la sivyo mtakwama nyote wawili mkiwa hamjui hata namna ya kukizima. Kwa asiyesoma, ujumbe wa sauti ni mlango mzuri sana wa kuingilia.

## Hatua ya 4: Fundisha vidole kwanza

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoangusha wengi.

Mtazame mtu asiyewahi kutumia kioo cha kugusa. Hukikandamiza kama kitufe cha redio ya zamani, kwa nguvu na kwa muda, akisubiri kukihisi kikibonyea. Simu haihesabu nguvu, inahesabu muda. Kwa hiyo badala ya programu kufunguka, simu inaona ameishikilia alama: menyu ndogo inachomoza, au alama inaanza kuhama. Anashtuka na kuinua kidole akiwa amekiburuta, alama inaangukia ukurasa mwingine, na yeye anasema ameiharibu simu. Anayemfundisha humwambia "gusa taratibu," naye anagusa taratibu zaidi, yaani kwa muda mrefu zaidi, na tatizo linaongezeka.

Mwambie aguse kama anayepima kama pasi imepata moto: kidole kinafika na kuondoka papo hapo. Halafu nenda kwenye mipangilio ya ufikivu na uongeze muda unaohesabiwa kuwa ni kushikilia, chaguo ambalo simu nyingi za Android zinalo.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye vidole vilaini hawezi kulijua. Kioo hutambua kidole kwa umeme mdogo unaopita kwenye ngozi, hivyo ngozi kavu sana au yenye sugu huweza isitambulike kabisa. Hapo ndipo kitambaa kinapohitajika: afute ncha ya kidole, ajaribu tena. Kwa sababu hiyo hiyo, alama ya kidole ya kufungulia simu humsumbua mtu aliyefanya kazi za mikono miaka mingi. Mwekee namba ya siri badala yake.

Tumieni kipindi kizima kwa mazoezi yasiyohitaji data: kufungua kikokotoo na kukifunga, kupiga picha tano na kufuta mbili, kutelezesha picha kushoto na kulia, kuandika majina ya watoto wake. Mkazo uwe kwenye kurudi nyumbani, yaani ukurasa wa mwanzo, kutoka popote alipo. Mtu anayejua kurudi haogopi kwenda.

Amefaulu pale unapoweza kumwambia apotee makusudi, aguse ovyo mpaka asijue alipo, kisha arudi nyumbani akiwa peke yake, mara tatu mfululizo, nawe ukiwa umenyamaza. Asipofikia hapo, usiende hatua ya tano hata kama kalenda inadai.

## Hatua ya 5: Ifanyeni kazi ile moja

Fungua ile sentensi ya ukurasa wa kwanza. Tuseme ni kuonana na binti kwa video. Fuata mpangilio huu.

1. Ifanye wewe mara moja kwenye simu yako, polepole, ukisema kila unachokigusa na sababu yake.
2. Aifanye yeye kwenye simu yake, wewe ukiwa umekunja mikono. Nasema umekunja kwa maana halisi, kwa kuwa mkono ulio huru hujipeleka wenyewe.
3. Airudie akisema kwa sauti anachokwenda kugusa kabla hajakigusa. Hapa ndipo utakaposikia alichoelewa vibaya.
4. Aandike hatua hizo daftarini kwa maneno yake na achore alama alizoziona. Usimwandikie. "Kile kikamera cha juu" kitamsaidia kuliko jina rasmi ambalo hulitumii hata wewe.

Akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano kabla ya kufungua mdomo, kisha uulize: "Unaona nini kwenye kioo?" Usimwambie aguse wapi. Swali hilo humrudisha kusoma kilichoandikwa, na mara nyingi jibu liko mbele yake tayari.

Tahadhari moja kuhusu daftari: asiandike kwa mahali, mfano "ya tatu kutoka juu," kwa kuwa programu husasishwa na vitufe huhama. Aandike kwa kazi: "natafuta alama ya kamera."

Utajua mmefika pale atakapoipiga simu hiyo siku ambayo hamna kipindi. Ukipata habari hizo kutoka kwa binti, ni bora zaidi.

## Hatua ya 6: Akaunti na nywila

Wengi humfungulia mwanafunzi akaunti kwa haraka, kwa barua pepe yao wenyewe na nywila wanayoikumbuka wao. Miezi sita baadaye simu inapotea na hakuna anayeweza kuingia. Akaunti ifunguliwe na yeye, kwa namba yake, hata ikichukua kipindi kizima.

Nywila ndefu ya maneno manne yasiyohusiana ni ngumu kubahatisha na rahisi kukumbuka kuliko ya herufi nane zenye alama za ajabu. Asitumie jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Na iandikwe. Najua baadhi ya wataalamu watakunja uso, lakini karatasi iliyofichwa nyumbani haifikiwi na mwizi aliye upande wa pili wa dunia, na nywila iliyosahaulika humfungia mwenyewe nje. Kinachokatazwa ni kuibeba pamoja na simu. PUK nayo ikae kwenye karatasi hiyo hiyo.

Washeni uthibitisho wa hatua mbili, yaani kuingia kwa nywila pamoja na namba ya uthibitisho, mkiwa pamoja, kisha mpe sheria isiyo na ubaguzi: namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe haisomewi mtu yeyote kwa simu, awe anasema anatoka benki, kampuni ya simu, au ni wewe mwenyewe.

## Hatua ya 7: Fanyeni mazoezi ya utapeli

Kumwambia mtu "uwe makini" hakumpi chochote cha kufanya. Mfanyishe mazoezi.

Kwa ruhusa yake, na bila kumtajia siku, mtumie kutoka simu yako ujumbe wa aina tatu: umeshinda zawadi, akaunti yako itafungwa leo, na "mama, nimebadilisha namba, nitumie hela haraka." Kila mmoja ukifika, atafute mambo mawili: kunaharakishwa nini, na kunaombwa nini. Ujumbe unaoharakisha na kuomba pesa au namba ya siri haujibiwi. Anafunga, anapiga kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, anauliza.

Mfundishe pia kusoma anwani ya tovuti. Atafute mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina, kisha asome kurudi nyuma, kwa maana mwenye tovuti hutambulika mwishoni mwa jina, kabla tu ya mkwaju huo. Anwani inayoanza na jina la benki yake na kuishia na zawadi-leo.example si ya benki hata kidogo. Wala alama ya kufuli si cheti cha uaminifu; inaonyesha tu kwamba mawasiliano kati ya simu na tovuti yamefichwa njiani, na tapeli naye anaweza kuwa nayo.

Akinaswa katika zoezi, usimcheke. Aliyechekwa leo atakuficha siku atakapotapeliwa kweli, na zile dakika chache ambazo benki ingeweza kuzuia muamala zitapotea.

## Hatua ya 8: Ondoka

Pitisheni wiki mbili bila kipindi. Akipiga simu kuomba msaada, mwongoze kwa swali lile lile la kile anachokiona. Matatizo ya kipindi hiki huwa machache na hujirudia, na ayaandike daftarini kabla hujaondoka. Mtandao umepotea ghafla: aangalie kama alama ya ndege imewaka. Wi-Fi inaonekana lakini hakuna kinachofunguka: aizime Wi-Fi ajaribu data. Simu haiiti: sauti imenyamazishwa. Picha hazipigwi: hifadhi imejaa, afute video alizotumiwa.

Usiende kumtembelea ili "uitazame simu kidogo." Utaitengeneza kwa dakika moja na kumrudisha alipokuwa mwanzo.

Wiki mbili zikiisha, kaa naye na umwombe akuonyeshe jambo lolote alilolifanya ambalo hukumfundisha. Linaweza kuwa dogo, kama kubadilisha picha ya ukurasa wa mwanzo au kutafuta maana ya neno. Akiwa nalo, vipindi vimekwisha. Kama hana, rudini hatua ya tano na kazi ya pili, iliyochaguliwa na yeye na kuandikwa daftarini, na simu ikiwa mkononi mwake.